Maoni ya wateja Taobao: anzia kwenye 追评

Ukichagua bidhaa Taobao, soko la mtandaoni la China, usibabaishwe na wingi wa sifa. Mnunuzi akikaa kimya, mfumo wenyewe humhesabia kuwa ameridhika, na wauzaji wengine hutia kikadi ndani ya kifurushi: tusifie, tukurudishie yuan kadhaa. Nenda moja kwa moja kwenye 追评, yaani maoni ya nyongeza ambayo mtu huandika baada ya kuitumia bidhaa. Huko ndiko utakakosikia kwamba soli imebanduka au chaja inachemka. Ukikuta mteja ameandika 一般, programu ya kutafsiri itakwambia “kawaida” tu. Mara nyingi huyo kakasirika kwa adabu. Sifa zinazofanana neno kwa neno kutoka kwa wateja tofauti, zipite.