Namna ya Kufuatilia Asili ya Jina Godfrey katika Ukoo wa Nyanda za Juu Kusini

Katika orodha ya wanafunzi au waumini kuanzia Tukuyu hadi Iringa, si ajabu kumkuta Godfrey, na mistari michache chini yake Gotfrid au Jofrey. Wengi wenye majina haya wameyarithi kwa babu bila kuelezwa yalikotoka. Mwongozo huu ni kwa ajili ya anayetaka kujua jina hilo liliingia kwao kwa mlango upi na limependwa kwa kiasi gani. Njia hiyohiyo itamfaa pia mwenye jina la Bernard, Norbert au Konrad.

Anza na jina lenyewe. Watu wengi hulisoma kwa Kiingereza cha leo na kudhani kwamba sehemu yake ya pili inahusu uhuru, jambo ambalo si sahihi. Katika Kijerumani cha kale jina hili liliundwa kwa maneno mawili, got, yaani Mungu, na fridu, yaani amani. Mnyakyusa atalikumbuka hapo jina Lutengano, ambalo nalo lina maana ya amani. Hata hivyo, jina Ambokile ni sentensi kamili ya kumshukuru Mungu aliyeokoa, ilhali wazazi wa Kijerumani wa kale mara nyingi waliunganisha vipande viwili vya majina vilivyoheshimika bila kukusudia ujumbe mmoja. Kwa hiyo ukisema kwamba jina lina maneno "Mungu" na "amani" ndani yake, umesema kweli. Ukisema kwamba babu aliitwa hivyo kwa sababu alizaliwa wakati wa amani, unahitaji ushahidi mwingine.

Jofrey ni jina jingine. Linatokana na Geoffrey, ambalo nalo linamalizikia na fridu, lakini wanaisimu hawajakubaliana kuhusu asili ya sehemu yake ya kwanza. Cheti kimoja kikisoma Godfrey na kingine Jofrey, kiamini kwanza kile cha zamani zaidi.

Baada ya hapo chunguza tahajia, kwa maana ndiyo inayoonyesha njia. Umbo la Kijerumani ni Gottfried, nalo lilipata nguvu mpya katika karne za 17 na 18, wakati Waprotestanti wa Ujerumani walipopenda majina yenye neno Mungu kama vile Gottlieb na Gotthold. Kanisa la Moravian lilichipuka upya katika mazingira hayohayo ya uchaji huko Herrnhut, mji ulioanzishwa mwaka 1722, na wamisionari wake walifika Rungwe mwaka 1891, mwaka uleule walioingia wa Misheni ya Berlin. Umbo la Godfrey lilipita njia nyingine. Wanormani walilipeleka Uingereza kutoka Ufaransa, ambako lilitamkwa Godefroy, baada ya ushindi wao wa mwaka 1066, nalo likaja kwetu na Waingereza walioiteka nyanda hii kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916. Kwa Wakatoliki uko mlango wa tatu: Wamisionari wa Consolata waliofika Iringa mwaka 1919 walitoka Italia, ambako jina hili huitwa Goffredo. Tahajia peke yake haitoshi kuthibitisha, kwa kuwa karani wa baadaye aliweza kuigeuza Gotfrid kuwa Godfrey kwa mazoea ya shule. Lakini Gotfrid aliyebatizwa kabla ya 1916 ni dalili nzito.

Kwa hiyo nenda kwenye daftari la ubatizo. Usiende moja kwa moja kabatini. Mwandikie paroko au mchungaji, eleza uhusiano wako na mtu unayemtafuta, na utaje makadirio ya mwaka. Madaftari ya zamani ya Kikatoliki mara nyingi yaliandikwa kwa Kilatini, hivyo tafuta Godefridus. Angalia pia tarehe, kwa sababu kumbukumbu ya Mtakatifu Godfrey wa Amiens, askofu aliyefariki mwaka 1115, ni tarehe 8 Novemba, na mtoto aliyezaliwa au kubatizwa karibu na siku hiyo huenda alipewa jina kutokana na kalenda. Safu ya msimamizi wa ubatizo usiiruke hata kidogo: mara nyingi mtoto ni somo wa msimamizi wake, na hapo ndipo utakapompata Godfrey aliyetangulia.

Wazee waulizwe kabla kumbukumbu hazijapotea. Baada ya salamu na mazungumzo ya kawaida, uliza nani alilichagua jina, na mtoto aliitwaje nyumbani kabla ya ubatizo. Andika matamshi ya mzee kama yalivyo. Mimi naona matamshi hayo, yakiwa Gotifridi au Godifrei, yana thamani kuliko cheti kilichochapwa juzi.

Kuhusu kupendwa kwa jina, pima mwenyewe mahali pako. Chukua daftari moja la usharika au parokia, gawanya miaka katika makumi, na katika kila kumi hesabu wavulana wote, kisha wale wenye jina hili kwa maumbo yake yote. Tuseme kati ya wavulana 200 wako 6: hiyo ni asilimia 3. Usitumie mwaka mmoja mmoja, kwani mtoto mmoja akiongezeka asilimia huruka mno.

Utaratibu wetu wa majina nao hutoa msaada ambao watafiti wengi wa Ulaya hawana. Neema Godfrey wa darasa la nne leo ni ushahidi wa mwanamume aliyepewa jina hilo kizazi kilichopita. Jina la kwanza katika orodha hukuonyesha wanachopenda wazazi wa sasa, na la pili walichopenda babu na bibi. Ukikuta akina Godfrey wengi kwenye safu ya pili na wachache kwenye ya kwanza, jina linazeeka mahali hapo, kama Gottfried lilivyozeeka Ujerumani, ambako leo ni nadra kwa watoto wachanga. Ila hesabu safu ya pili kwa kuunganisha ndugu wa baba mmoja, la sivyo mwanamume mwenye watoto watano shuleni atahesabiwa mara tano.