Namna ya Kuandika Maelezo Binafsi ya Kuomba Uzamili wa Sayansi ya Kompyuta

Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anayeomba nafasi ya uzamili, iwe Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha au kampasi ya Carnegie Mellon iliyoko Kigali, kwa kawaida hutakiwa kueleza katika ukurasa mmoja au miwili alikotoka, utafiti alioufanya na kazi anayoilenga. Wengi huanza kwa kusema kwamba waliipenda kompyuta tangu utotoni. Sentensi hiyo ifute, kwa sababu kila mwombaji anaweza kuiandika na hakuna anayeweza kuithibitisha.

Anza na utafiti, hata kama katika ukurasa utakuja baadaye, maana huo ndio utakaokuonyesha mambo gani ya nyuma yanastahili kutajwa na lengo gani linafuata. Tuseme mradi wako ulikuwa wa kuifundisha kompyuta kutambua majina ya watu na mahali katika habari za Kiswahili, ukitumia MasakhaNER, mkusanyiko wa sentensi za habari ambamo majina yamewekewa alama, ambao watafiti wa Masakhane, mtandao unaoshughulikia teknolojia ya lugha za Afrika, waliutoa mwaka 2021 kwa lugha 10 za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Ukiandika tu kwamba "nilitumia akili bandia kuchakata Kiswahili", hujasema kitu. Andika ulichokiona: kwamba programu ilimtambua John bila shida lakini ikampita Neema, kwa kuwa neema ni neno la kawaida pia, na jina hilo linapoanza sentensi hata herufi kubwa haisaidii, maana kila neno linaloanza sentensi huandikwa hivyo. Baada ya hapo eleza ulijaribu nini, ulipima kwa data ambayo programu haikuwahi kuiona, na matokeo yakawaje, hata kama hayakupendeza. Kosa lililochunguzwa vizuri hunivutia kuliko asilimia kubwa isiyo na maelezo, na naamini msomaji yeyote makini wa maombi haya huona hivyo.

Hapa angalia viambishi vyako. Miradi mingi ya chuo hufanywa kwa vikundi, na mwanafunzi mwenye adabu huandika "tulikusanya", "tulitengeneza", "tulijaribu" kuanzia mwanzo hadi mwisho, hata msomaji asijue mkono wake ulikuwa wapi. Sema kwamba mlikuwa wanne, kisha ugeukie nafsi yako: "Mimi nilisahihisha sentensi zilizowekewa alama na kuandika msimbo wa kupima makosa." Kufanya hivyo si majivuno, na wala hakuwanyimi wenzako haki yao.

Historia yako iwe fupi. Kama ulisoma shule isiyo na maabara ya kompyuta na ukaanza kujifunza kuandika programu kwenye simu, sentensi mbili zinatosha, mradi ya pili ieleze ulichokifanya katika hali hiyo. Ugumu wa maisha usiuandike ili uhurumiwe. Kama chuo chako, kama vile Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hutumia wastani wa alama wenye kilele cha 5, na unaomba nchi kama Marekani ambako wamezoea kilele cha 4, taja kipimo hicho, kwa sababu 3.8 ya huku si 3.8 ya kule. Muhula ulioanguka ueleze kwa sentensi moja na uendelee.

Malengo yatokane na swali ambalo mradi wako haukulijibu. Mwanafunzi wa mfano wetu anaweza kusema kwamba anataka kujua jinsi programu itakavyotofautisha neema na Neema bila kuhitaji maelfu ya sentensi zilizowekewa alama kwa mkono, kisha akasema angependa kuifanya kazi hiyo katika chumba cha habari au kama mhadhiri. Ukimtaja mhadhiri unayetaka akusimamie, uwe umesoma angalau makala yake moja hadi mwisho, kwa maana akikuhoji atakuuliza juu yake.

Rasimu ikikamilika, mpelekee msimamizi wa mradi wako wiki tatu kabla ya tarehe ya mwisho, pamoja na ripoti ya mradi, ukimwomba barua ya mapendekezo. Akiwa na rasimu hiyo mkononi, ataandika juu ya kazi ile ile uliyoieleza wewe, na pale ulipojipa sifa isiyo yako atakurekebisha kabla maombi hayajatumwa.