Kupeleka vitunguu Moroni: shingo kavu, makaratasi yanayolingana

Kutoka Dar hadi Moroni, mji mkuu wa Komoro, ni kama kilomita 700 za bahari, lakini umbali hauozeshi kitunguu. Kinachokiozesha ni unyevu na kukaa bandarini.

Ukifika sokoni, Ilala au Mabibo, usikague gunia la mbele. Fungua la katikati, ubane shingo ya kitunguu kwa kidole gumba na cha shahada. Ikibonyea, hicho bado kibichi: kitatoa jasho ndani ya ngama (tumbo la chombo), kiote ukungu na kuambukiza jirani zake. Kinachofaa shingo yake imesinyaa na ganda linachakarika kama karatasi. Mzigo mbichi utandaze kivulini penye upepo siku 7 hadi 14, bila kuulundika.

Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, ikatae kabisa. Fungasha kwenye mifuko ya wavu ya kilo 20 au 25. Moroni meli kubwa hutia nanga nje na mizigo hushushwa kwa matishali, kwa hiyo kila mfuko hupita mikononi mwa watu mara kadhaa. Gunia la kilo 100 halibebwi, linatupwa. (Mutsamudu, kwenye kisiwa cha Nzuani, kuna gati la kina kirefu, huko mambo ni mepesi.) Melini tanguliza chaga chini, kaa mbali na injini, na turubai lifunuliwe mara mvua inapokatika.

Kabla hujanunua chochote, muulize mnunuzi vibali vya kuingizia mzigo kwake. Upande wa Dar, wakala wa forodha atahitaji ankara, orodha ya vifungashio, cheti cha uasili na cheti cha afya ya mimea cha TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania); hati ya shehena hutoka kwa mwenye meli. Mwite mkaguzi mzigo ukishafungwa, maana ukibadilisha mifuko baadaye idadi haitalingana. Tofauti ya mifuko mitano tu inatosha kuusimamisha mzigo juani. Forodha ya Komoro hutumia Kifaransa, basi andika pia «oignons».

Bei patana kwa euro. Faranga ya Komoro imefungwa kwenye euro, faranga 491.97 kwa euro 1, ila shilingi yetu hupanda na kushuka. Mnunuzi akitaja faranga 300 kwa kilo, tani moja ni kama euro 610. Toa humo nauli, upakiaji, ushuru wa soko na vitakavyooza.

Soko huchangamka Julai na Agosti, Wangazija (watu wa Ngazija, kisiwa chenye Moroni) waishio Ufaransa, hasa Marseille, wanaporudi kwa likizo na harusi kubwa. Bahati mbaya ndiyo miezi ya kusi: bahari ikichafuka, matishali husimama. Panga mzigo ufike wiki mbili kabla ya harusi kuanza, na mnunuzi awe na ghala inayopitisha hewa. Kontena lililofungwa siyo ghala ya vitunguu.