Kuotesha Matikiti kwa Mbegu Katika Nchi za Baridi

Tikitimaji na meloni ni mimea inayopenda joto, lakini anayeishi kaskazini mwa Ulaya au Amerika asikate tamaa mapema, kwa sababu mwanga wa kutosha anao. Mwezi Juni jua hukaa angani zaidi ya saa 16 London na zaidi ya saa 18 Oslo, muda ambao mimea ya ukanda wa tropiki haiupati kamwe. Kikwazo kipo ardhini. Mbegu ya tikiti huota vizuri udongo ukiwa na nyuzijoto 25 hadi 32. Ukishuka chini ya 18, nyingi huoza kabla hazijachipua, na hata mche uliokwisha kuota hudumaa kwa sababu mizizi yake haiwezi kufyonza maji na chakula ipasavyo. Kwa hiyo karibu kila jambo katika mwongozo huu linahusu kuupa mmea udongo wenye joto mapema, ili majira mafupi ya kiangazi yatoshe kuivisha tunda.

Kazi huanzia kwenye kuchagua mbegu. Soma idadi ya siku iliyoandikwa kwenye pakiti na uangalie kama inahesabiwa tangu kusia au tangu kuhamishia mche shambani, kwa maana tofauti ya hesabu hizo mbili inaweza kufika mwezi mzima. Aina za matunda makubwa zinazohitaji siku 85 au zaidi, kama Crimson Sweet, ni za kuziacha kabisa pale ambapo jalidi, yaani baridi inayogandisha umande na kuua mimea, hurudi mwezi Septemba. Kwa tikitimaji, Sugar Baby ni chaguo zuri, na bora zaidi kwa maoni yangu ni Blacktail Mountain, iliyozalishwa na Glenn Drowns katika jimbo la Idaho, Marekani, ambako hata usiku wa kiangazi huwa na baridi; hukomaa kwa siku 70 hivi. Kwa meloni ipo Minnesota Midget, iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1948, yenye matunda madogo ya kipenyo cha sentimita 10 na mmea usiotambaa mbali. Epuka tikitimaji lisilo na mbegu, kwani huhitaji joto zaidi kuota na halizai bila aina nyingine ya kulichavusha. Vilevile usitie mbegu kutoka nchi ulikotoka kwenye mzigo wa safari bila kuuliza: tangu tarehe 14 Desemba 2019 Umoja wa Ulaya unadai cheti cha afya ya mimea kwa mbegu za kupandwa zinazotoka nje ya umoja huo, na Marekani nayo ina masharti yake.

Kusia kunapangwa kwa kuhesabu kurudi nyuma. Tafuta tarehe ya kawaida ya jalidi ya mwisho mahali unapoishi, ongeza wiki mbili au tatu ili upate siku ya kuhamisha miche, kisha urudi nyuma wiki tatu hadi nne. Ikiwa jalidi ya mwisho huanguka katikati ya Mei, miche itatoka nje wiki ya kwanza ya Juni na mbegu zitasiwa mapema Mei. Wengi huharibu hapa kwa haraka, wakisia Machi. Mche uliokaa chunguni wiki saba hujaa mizizi iliyojizungusha, na ukihamishwa husimama bila kukua hadi upitwe na mche mdogo wenye nguvu.

Tumia vyungu vya karatasi au vya nyuzi zinazooza, vya sentimita 8 au 9, kwa kuwa matikiti hayapendi kusumbuliwa mizizi. Weka mbegu mbili kila chungu, kina cha sentimita moja na nusu, na udongo uwe na unyevunyevu bila kulowa chapa, maana unyevu uliozidi huleta kinyausi, ugonjwa wa kuvu unaoozesha shina la mche karibu na udongo. Ukingo wa dirisha haufai kwa hatua hii kwa sababu kioo hupoa usiku. Weka vyungu juu ya mkeka wa umeme wa kuoteshea, au juu ya kabati karibu na kipasha joto cha nyumba. Baada ya siku nne hadi nane utaona shingo nyeupe iliyojikunja ikisukuma udongo, na mara nyingine ganda la mbegu hubaki limeyabana majani mawili ya kwanza. Usilivute kwa kucha. Lidondoshee tone la maji ya uvuguvugu, lingoje lilainike, nalo litaanguka lenyewe. Siku hiyohiyo peleka miche kwenye mwanga mkali, kisha ukate kwa mkasi ule ulio dhaifu kati ya miwili.

Huku miche ikikua, andaa udongo. Chagua sehemu iliyokingwa na upepo, ikiwezekana mbele ya ukuta unaoelekea kusini, uinue tuta la sentimita 20 hadi 30 lenye mboji ya kutosha, kisha ulifunike kwa nailoni nyeusi wiki mbili kabla ya kupanda. Nailoni igusane na udongo na kingo zake zifukiwe, kwa kuwa ikiacha nafasi ya hewa joto haliingii ardhini. Chomeka kipimajoto kina cha sentimita 10 kila asubuhi. Kikisoma nyuzi 18 kwa siku kadhaa mfululizo, wakati umefika, na kalenda isikuharakishe kabla ya hapo. Izoeshe miche hali ya nje kwa wiki moja, saa chache kwanza, halafu uipande kwa umbali wa sentimita 90 bila kufukia shingo yake. Kitambaa chepesi au handaki la nailoni juu ya pinde za waya huiongezea joto. Mwenye nyumba ya kioo apande humo, hasa meloni.

Maua dume hutangulia, nayo hudondoka bila kuzaa; hilo lisikutie wasiwasi. Ua jike hutambulika kwa kitunda kidogo chenye vinyweleo chini ya petali. Likitokea, funua handaki mchana ili nyuki waingie, na siku za baridi ambapo nyuki hawaruki, chuma ua dume asubuhi, ondoa petali zake na upake chavua katikati ya ua jike. Meloni ikatwe ncha ikiwa na majani matano, kwani maua jike hutoka kwenye matawi ya pembeni. Tikitimaji liache litambae. Tunda huhitaji takriban siku 35 hadi 45 tangu kuchavushwa, hivyo ua la mwisho wa Agosti halina faida. Bakiza matunda mawili kwa kila mmea ulio nje, matatu au manne kwa ule ulio ndani.

Mwagilia shinani, majani yabaki makavu ili ubwiri unga, ugonjwa wa kuvu unaotandaza unga mweupe juu ya majani, usienee, na matunda yakishaanza kukua tumia mbolea yenye potasiamu nyingi. Tunda linapokaribia kuiva punguza maji, vinginevyo litapasuka na utamu utapungua.

Meloni yenye ngozi ya wavu hunukia na kuachia kikonyo kwa kuguswa tu. Tikitimaji haliongezi utamu baada ya kuchumwa, hivyo subiri kikono kilichojisokota karibu na kikonyo chake kikauke chote, na doa la upande uliolalia ardhi ligeuke kutoka weupe kuwa manjano. Ikiwa aina yako si chotara, osha mbegu, zikaushe kivulini na uzihifadhi mahali pakavu kwa msimu ujao. Tikitimaji na meloni haziingiliani, lakini aina mbili za meloni zilizopandwa jirani zitachanganyika, kwa hiyo anayetaka kutunza mbegu apande aina moja tu ya kila tunda.