Kabla Hujavuka Kasumbalesa: Mambo ya Kuweka Sawa kwa Anayekwenda Congo

Haupiti muda mrefu bila mtu kunipigia: "Kaka, nakwenda Lubumbashi kufuatilia mzigo, nibebe nini?" Nimechoka kurudia maneno yale yale, kwa hiyo naandika mara moja, wenye masikio wasome. Naizungumzia Congo ya Kinshasa, ile tunayoifikia kwa barabara kupitia Tunduma, Nakonde na Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Congo, ambako malori yetu hushusha bidhaa na kurudi bandarini na shaba.

Tuanze na yale madogo. Pasi iwe na zaidi ya miezi sita kabla ya kuisha. Kadi ya njano ya homa ya manjano ni lazima, na uchome sindano mapema, kwa sababu kadi huanza kutambulika siku ya kumi baada ya kuchomwa. Chandarua na dawa za malaria, hilo nisikufundishe. Dola beba safi. Noti yenye mchaniko mdogo tu pembeni, hata kama ni ya mia, muuza duka wa Lubumbashi atakurudishia bila kukuangalia mara mbili.

Viza. Congo ilisaini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 8 Aprili 2022, na tangu siku ile kuna watu wanatembea wakiamini mpaka umefutika. Haujafutika. Nenda ubalozi wa Congo, Dar es Salaam, ukaulize utaratibu wa wiki hiyo unayosafiri, tena uulize kwa pasi ya nchi yako na kwa shughuli yako. Anayekwenda kumwona shangazi na anayekwenda kudai deni la kampuni hawaulizwi maswali yale yale. Ukiambiwa barua ya mwaliko, itafute ya kweli, ya mtu atakayepokea simu afisa akimpigia.

Halafu sikiliza habari za serikali na serikali, hata kama siasa hazikuhusu. Pasi yako inabeba ugomvi usioujua. Agosti 2024 Congo ilizuia soda na bia kutoka nje, Zambia ikajibu kwa kufunga mpaka wake siku chache, na madereva ambao hawakubeba hata kreti moja ya bia wakalala barabarani. Tarehe 28 Januari 2025, siku ambazo M23, waasi wa mashariki wanaodaiwa kusaidiwa na Rwanda, walikuwa wanaingia Goma, waandamanaji wa Kinshasa walivamia balozi kadhaa, zikiwemo za Rwanda, Ufaransa, Ubelgiji, Marekani, Uganda na Kenya. Ya Kenya iliporwa. Fikiria Mkenya aliyefika mjini siku hiyo na mpango wake wa dharura ni "nikipata shida nakimbilia ubalozini". Kwa Kenya mambo yalishaanza kuchacha tangu Desemba 2023, Corneille Nangaa, aliyewahi kuongoza tume ya uchaguzi ya Congo, alipotangaza muungano wake na waasi akiwa Nairobi, na Congo ikamwita balozi wake nyumbani. Hizi habari zote zilikuwa redioni. Msikilize mtangazaji kabla hujakata tiketi.

Hapo hapo, suala la lugha. Lubumbashi na Kolwezi utaongea Kiswahili chako na utacheka na watu. Kinshasa ni Lingala. Askari wa Mzee Kabila, yule Laurent aliyemng'oa Mobutu, waliingia mji ule Mei 1997 wakiongea Kiswahili, na vita ya mashariki haijawahi kuisha vizuri tangu wakati huo, kwa hiyo mambo yakichafuka kuna wanaokisikia kama lugha ya wavamizi. Sisemi uogope kila mtu. Nasema siku ya maandamano usiwe kwenye daladala ukiongea na simu kwa sauti ya Kariakoo, hasa kama sura yako ndefu, ya kudhaniwa Mnyarwanda, na watu wana hasira na Rwanda.

Sasa kamera, na hapa naomba utulie, kwa sababu ndipo watu wetu wanapoumia.

Usipige picha mpaka, daraja, uwanja wa ndege, askari, jengo la serikali wala kizuizi cha barabarani. Kuna kijana wa ofisi ya jirani yetu, mtu mpole kabisa, alikaa kwenye foleni ya malori mpaka bosi akaanza kumtilia shaka. Akachukua video fupi ya foleni kuthibitisha kwamba kweli hawasogei. Nyuma ya malori kulikuwa na bendera, na chini ya bendera askari. Simu ikachukuliwa, pasi ikachukuliwa, yeye akapelekwa kwenye ofisi moja ambayo hakuwa anajua hata ni ya idara gani. Wakamwekea karatasi ya Kifaransa, wakamwambia atie saini aondoke. Akatia. Hakuondoka. Baadaye ilipotafsiriwa tukakuta amekiri kuingia eneo lililozuiwa kwa nia ya kukusanya taarifa.

Nyumbani ndipo pakawa pabaya zaidi. Mama yake yuko Mbagala, analia kwenye simu, na sisi tunamwuliza jina kamili la mwanawe. Mtaani anaitwa jina moja, kazini jingine, na kwenye pasi kuna jina la babu ambalo hata mke wake hakulijua. Ubalozi wetu Kinshasa ukauliza mambo ya kawaida kabisa: majina kama yalivyo kwenye pasi, namba ya pasi, tarehe aliyoingia, na anashikiliwa na ofisi gani. Hatukuwa na jibu hata moja. Balozi hawezi kuandika barua kwa serikali ya watu akisema "tunamtafuta Chidi". Muda huo huo kishoka mmoja wa mpakani alishapata namba ya kaka yake na anavuta pesa kwa simu, leo ya shefu, yaani mkubwa wa ofisi, kesho ya shefu wa shefu, na kijana hajasogea.

Aliyemwokoa ni dereva mzee wa lori lile. Alipekua begi lililobaki kwenye kabini, akakuta kivuli cha pasi, akakipiga picha na kututumia. Halafu akaenda mwenyewe mpaka pale ofisini na chakula, na akiwa pale akasoma kibao cha mlangoni na kutuandikia herufi kwa herufi. Kwa vitu viwili hivyo, kivuli na jina la ofisi, barua ikatoka na kijana akaachiwa bila kesi. Simu haikurudi.

Kwa hiyo, kabla hujafunga begi: tengeneza vivuli vya pasi, viza na kadi ya njano, kimoja uache kwa mtu wa nyumbani anayepokea simu usiku, kimoja kwa msafiri mwenzako, kingine mbali na pasi yenyewe. Andika namba ya ubalozi kwenye karatasi, maana simu ndiyo kitu cha kwanza kuchukuliwa. Kila ukivuka kituo, tuma ujumbe wa mahali ulipo na saa. Usitie saini usichokisoma. Ukilazimishwa, andika kwa Kiswahili juu ya saini yako kwamba hukuielewa lugha.

Na ukishikwa, tamka ombi lako: nataka ubalozi wangu ujulishwe. Hiyo ni haki yako chini ya Mkataba wa Vienna wa Mahusiano ya Kikonseli wa 1963, kifungu cha 36. Wao wanatakiwa wakueleze kwamba unayo, na wewe ukiomba wanatakiwa wapeleke habari bila kuchelewa. Ukinyamaza, hawana haja ya kuipeleka.

Congo yenyewe imeshashtakiwa kwa jambo hili. Ahmadou Sadio Diallo, mfanyabiashara wa Guinea, aliishi nchi ile tangu 1964, akawa na kampuni zake, akawa anadai fedha nyingi kwa serikali na kwa makampuni makubwa. Novemba 1995 alikamatwa, akawekwa ndani siku 66 mfululizo, na tarehe 31 Januari 1996 akafukuzwa kwa karatasi iliyomhesabu kama mtu aliyezuiwa kuingia mpakani, baada ya miaka zaidi ya thelathini ya kukaa humo! Karatasi ya namna hiyo haikatiwi rufaa. Guinea ikaipeleka Congo Mahakama ya Kimataifa ya Haki mwaka 1998. Hukumu ikatoka 2010: alikamatwa na kufukuzwa kinyume cha sheria, na hakuelezwa haki yake ya ubalozi. Fidia ikapangwa 2012, dola 95,000, wakati Guinea ilikuwa imeomba zaidi ya milioni 11. Hesabu mwenyewe miaka. Na huyo alikuwa na nchi iliyokubali kumbeba mpaka The Hague. Wewe una ankara ya deni la mzigo na nauli ya kurudi.

Ndugu zangu mliozaliwa Congo mkachukua pasi ya nchi nyingine, lenu ni gumu zaidi. Katiba yao, kifungu cha 10, inasema uraia wa Congo ni mmoja na hauchanganywi na mwingine. Ukiingia kwa vitambulisho viwili unajitegea mtego. Na mambo yakiwa makubwa, uzito wa ubalozi ndio unaoamua. Baada ya jaribio la mapinduzi la Mei 2024, mahakama ya kijeshi iliwahukumu kifo watu 37. Wamarekani watatu kati yao walibadilishiwa adhabu kuwa kifungo cha maisha na Aprili 2025 wakapelekwa kwao, siku ambazo nchi hizo mbili zilikuwa zinazungumza habari za madini. Sina la kuongeza hapo.

Madini nayo usiyaguse. Akikuomba mtu umbebee "kijiwe kidogo cha sampuli", mkatae hata kama ni shemeji. Januari 2025 Wachina watatu walikamatwa Kivu Kusini na vipande 12 vya dhahabu na dola 800,000 garini.

Mashariki sikushauri kabisa kwa sasa. Kivu Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021, na huko raia anaweza kufikishwa mbele ya mahakama ya jeshi. Goma na Bukavu zilichukuliwa na M23 mwanzoni mwa 2025, kwa hiyo hata muhuri utakaogongewa unaweza kukuletea maswali upande wa pili. Madereva wa zamani wanakumbuka Septemba 2016, wenzao walipotekwa na wanamgambo wa Mai-Mai kule Namoya, mashariki mwa Congo, mpaka jeshi likawatoa.

Mengine ni ya kawaida. Jitoe kwenye makundi ya WhatsApp yanayorusha video za vita kabla hujafika mpakani, maana simu hukaguliwa. Usiendeshe usiku. Ukisimamishwa, salimia kwanza, zima muziki, toa kivuli kabla ya pasi. Ukidaiwa ada, omba risiti kwa upole, na ukikataliwa risiti usigombane ukiwa peke yako. Mikutano ya siasa ipite mbali, hata kama wanagawa fulana. Chaji simu. Beba maji. Na mwambie mama yako jina lililoandikwa kwenye pasi.