Kabla hujaanzisha klabu ya kisekula kwenye chuo cha watu wa dini

Sisi tulianzisha klabu kama hiyo, isiyoongozwa na dini yoyote, na mwenzetu mmoja akaumia, na asingeumia kama kuna mtu angetuambia haya mapema, ndo maana naandika.

Kwanza jua chuo ni cha nani. Cha umma na cha dhehebu ni vitu viwili tofauti kabisa. Marekani mwaka 1972 Mahakama ya Juu iliamua kwenye kesi ya Healy dhidi ya James kwamba chuo cha umma hakiwezi kuinyima klabu ya wanafunzi usajili kwa sababu tu uongozi haupendi mawazo yake, lakini chuo binafsi cha kanisa hakibanwi na hukumu hiyo, hata huko huko Marekani. Kwa hiyo soma kanuni za chuo chako, pamoja na ile fomu uliyosaini siku unajiunga, unaweza kukuta ulishakubali masharti ya dini bila kujua. Afu angalia sheria ya nchi, maana kuna nchi kuacha dini au kukashifu dini ni kosa la jinai na hapo usianzishe klabu yoyote. Ibara ya 18 ya Tamko la Haki za Binadamu la 1948 inataja uhuru wa mawazo na dhamiri, na hata wa kubadili dini, itaje kwenye barua ya maombi, ila kamati ya nidhamu itafungua kanuni za chuo.

Mlezi awe mhadhiri mwenye ajira ya kudumu. Wa mkataba msimponze.

Katiba ya klabu iandikwe wazi kwamba kisekula maana yake shughuli zenu haziongozwi na dini yoyote, muumini naye anakaribishwa.

Sasa majina. Hapa naomba usome taratibu.

Siku ya maonyesho ya klabu tuliweka karatasi mezani, jina kamili, namba ya simu, kozi, mwaka, watu wakaandika mpaka ukurasa ukajaa tukafurahi sana, hakuna aliyewaza kwamba mpita njia anaweza kuipiga picha. Ikapigwa. Jioni ile ile picha ikawa kwenye grupu la maombi la wanafunzi, kesho yake ikafika kwenye grupu la ukoo wa dada mmoja wa mwaka wa pili, na huyo dada wala hakuwa ameacha dini, alikuja kwa sababu ana maswali na hakuwa na pa kuyauliza. Baba yake ndo alikuwa analipa ada. Akaacha kulipa. Tulichangishana haikutosha, muhula mzima yule dada akakaa nyumbani, na usiku mmoja akanitumia meseji, "ile karatasi bado mnayo?" Nilikaa na simu mkononi mpaka asubuhi sikujua nimjibu nini.

Kwa hiyo msiandikishe watu mezani, wapeni siku na mahali pa kukutana basi. Fomu ya usajili ikitaka majina, wasaini wale tu wanaoweza kusimama hadharani, na kabla hajasaini muulize kila mmoja nani anakulipia ada na likizo unaenda kulala kwa nani. Akisitasita, asisaini. Grupu la WhatsApp kwa kawaida linaonyesha namba yako kwa kila aliyemo, Telegram unaweza kuificha kwenye mipangilio, ila hakikisha mwenyewe kwamba imefichwa. Picha za mkutano hakuna mpaka kila anayeonekana akubali. Na msimuulize mtu mbele za watu kama bado anaamini, jamani, hilo ni lake.

Mada ya kwanza isiwe ya kukejeli vitabu vya watu. Msipange mkutano saa za ibada. Wakija kuwaombea wapeni viti na muwe watulivu, msibishane korido, msijibu matusi mtandaoni usiku mkiwa na hasira, simu ziwe na nywila, na kama kuna karatasi ya majina mahali popote, hata kwenye droo ya mlezi, ichaneni leo.