Siku saba za kuijua kamera mpya kabla ya kuipeleka arusini

Mimi hupiga picha za arusi hapa Mbale, Uganda, zaidi upande wa wanawake: usiku wa hina, chumba cha bibi arusi, kina mama wakifungana mishipi ya gomesi, yale magauni marefu ya heshima, uani. Picha hizo hazirudiwi. Kwa hiyo kamera mpya haigusi kazi ya mtu kabla sijakaa nayo siku saba. Ya mwisho kuipima hivyo ni Nikon D7500, lakini hata ukinunua Canon EOS 90D au nyingine ya daraja hilo la kati, utafuata njia ile ile.

Kazi inaanzia dukani. Kabla ya kutoa pesa nilimwomba kijana aandike nyuma ya risiti kwamba naweza kuirudisha ndani ya siku saba.

"Mama, hii ni mpya kabisa, irudi kwa nini?"

"Andika tu, mwanangu. Kama ni mpya, hupotezi kitu."

Akaandika. Nilikuwa na sababu. Miaka ya nyuma duka moja liliniuzia kamera "mpya" ambayo ilikuwa imeshapiga picha zaidi ya elfu sita, na nililigundua hilo baada ya miezi miwili. Linganisha namba iliyo chini ya kamera na ile ya kwenye sanduku. Toa kifuniko uitazame pete ya chuma inayoshika lenzi, kwa sababu lenzi ikivaliwa na kuvuliwa mara nyingi huacha mikwaruzo ya duara. Kisha piga picha moja kwa kadi yako mwenyewe. Ndani ya faili ya picha, Nikon huandika idadi ya mara ambazo shata, yaani pazia linalopitisha mwanga, imefunguka, na programu ya bure ya ExifTool huisoma. Yangu ilisoma 11. Canon nyingi haziandiki hesabu hiyo kwenye picha, hivyo kwao utegemee zaidi macho na dhamana. Uliza pia dhamana hiyo inatambuliwa nchi gani, maana karatasi ya Dubai inaweza isikusaidie kitu Uganda.

Usiku wa kwanza funika lenzi, zima taa, piga picha chache za giza kwa kasi ya kawaida, kama 1/60 ya sekunde, kisha zikuze kwenye kompyuta. Nukta nyeupe au nyekundu inayorudi mahali pale pale katika kila picha ni pikseli mbovu. Ukiacha shata wazi sekunde 30 utaona nukta kadhaa hata kwenye kamera isiyo na kasoro, hizo zisikutishe. Asubuhi elekeza kamera kwenye anga tupu, funga upenyo wa lenzi unaopitisha mwanga hadi f/16, yaani uwe mdogo, uvuruge fokasi kwa makusudi. Madoa yatakayojitokeza ni vumbi au mafuta juu ya sensa, lile bamba la ndani linalopokea picha.

Fokasi inataka subira zaidi. Unapochungulia kwenye tundu, kamera haipimi fokasi kwa sensa inayopiga picha. Kioo kilicho ndani ya kamera hutupa sehemu ya mwanga chini, kwenye kipimo kingine kabisa, na vipimo hivyo viwili vikipishana hata kidogo, jicho la bibi arusi linakuwa na ukungu huku hereni imekaa kali kama sindano. Nililaza rula kwa mshazari juu ya meza, nikaweka pakiti ya majani ya chai kando ya alama ya sentimita 15, kamera ikiwa juu ya stendi na lenzi ya 50mm imefunguliwa hadi f/1.8. Nikapiga picha kumi, kila moja baada ya kuivuruga fokasi upya. Halafu nikapiga tena kwa kutumia skrini ya nyuma, ambapo fokasi hupimwa na sensa yenyewe. Picha za tundu zilikuwa zinaangukia nyuma karibu sentimita moja. Usikimbilie kuirudisha kamera kwa sababu hiyo. D7500 ina sehemu ya kurekebisha fokasi kwa kila lenzi, na 90D inayo pia. Nilirekebisha, nikarudia zile kumi, zikakaa.

Sasa ngozi na nguo. Hapa ndipo ninapotumia siku nyingi, na hapa ndipo matangazo ya megapikseli hayakusaidii. D7500 ina megapikseli 20.9, 90D ina 32.5. Mteja wangu hajawahi kuniuliza. Anachouliza ni kwa nini mumewe ametoka mweusi tii huku kanzu yake inang'aa kama taa.

Nilimkalisha shangazi chini ya mwembe saa saba mchana, jua likiwa utosini, na mjomba kando yake akiwa na kanzu nyeupe yenye darizi la rangi ya damu ya mzee shingoni. Kipimo cha kamera hudhani kila kitu ni kijivu cha wastani. Kanzu ikijaza picha, kamera huipunguzia mwanga na uso unazama. Uso ukijaza, kanzu inaungua. Piga kwa faili za RAW, yaani picha ghafi ambazo kamera haijazichakata, pima ili nyuzi za kanzu zibaki zinaonekana, kisha kwenye kompyuta uinue vivuli kwa hatua tatu. Tazama chini ya kidevu na pembeni mwa pua. Kwenye kamera dhaifu ngozi yetu hugeuka zambarau au kijani hapo, yenye chembechembe kama mchanga. Ya D7500 ilibaki kahawia ya shangazi ninayoijua, hata mikunjo ya shingo ikaonekana.

Usiku nikampaka binamu yangu piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea maua mkononi, nikamkalisha kwenye balbu moja, bila flashi. Mistari ya piko ni myembamba na ngozi chini yake nayo ni nyeusi, kwa hiyo hakuna mtihani mkali kuliko huo. Nikapiga kwa ISO, kile kiwango cha kamera kuhisi mwanga, ya 1600, 3200, 6400 na 12800. Hadi 6400 ua dogo la kwenye kifundo cha kidole lilikuwa bado na petali zake tano. Kwa 12800 petali ziliungana zikawa doa. Nikazisafisha picha mbili nikaziangalia kwenye karatasi, kwani albamu ndiyo inayokaa sebuleni kwa mtu. Tangu hapo najua mpaka wangu ni 6400.

Kwenye ukumbi wenye taa ndefu za mirija, piga picha ishirini mfululizo kwa 1/500. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa hizo hupepesa mara 100 kwa sekunde, na picha moja hutoka njano, inayofuata hufifia. Washa kipengele cha kuzuia kupepesa, kisha ulinganishe.

Mwendo niliupima kwa bodaboda anayekuja moja kwa moja kwenye barabara ya murram. Kati ya picha 40, 33 zilikuwa kali. Mwaka wa imbalu, tohara ya vijana wa Kimasaba, ukifika ndio mtihani wenyewe: vijana wamepakwa unga, kengele zinalia mapajani, ngoma za kadodi zinavuma na vumbi limepanda. Kwa picha nane kwa sekunde, kamera hii hubeba takriban RAW 50 kabla haijachoka, yaani sekunde sita hivi. Jifunze kubonyeza kwa vipindi. Mwili wake umezibwa dhidi ya vumbi, lakini usibadilishe lenzi ukiwa katikati ya ngoma.

Kasoro inayonikera ni nafasi moja tu ya kadi. D7200 iliyoitangulia ilikuwa na mbili. Kadi ikifa, nikahi nzima imekwenda. Kwa hiyo natumia kadi ndogondogo, naitoa moja mara tu baada ya kufunga ndoa na kuiweka kwenye mfuko wa ndani wa nguo yangu, na kamera yangu ya zamani inabaki shingoni mwa msaidizi. Ukiwa na lenzi za Nikon za zamani za kuzungusha kwa mkono, zisizo na chipu, ujue kwamba D7500 haizipimii mwanga.

Siku ya sita nilipita dukani, nikamwonyesha yule kijana picha ya mkono wa piko. Risiti bado ninayo kwenye sanduku la kamera.